Jinsi ya Kuongoza Matembezi ya Majengo ya Kale Mjini Lamu: Vituo Saba, Dakika 150

Kila msimu malalamiko ni yaleyale. Mgeni anasema alizungushwa asubuhi nzima, akaonyeshwa misikiti kumi na milango hamsini, na jioni hakumbuki hata mmoja. Mwenyeji anasema kundi zima lilimkalia dakani, kwenye viti vya mawe vya mlangoni, bila hodi. Mwongoza watalii naye anasema wageni walichoka katikati ya njia wakaomba warudishwe hotelini.

Chanzo huwa kimoja: vituo vingi mno, maandalizi haba. Mwongozo huu ni wa njia moja yenye vituo saba, dakika 150, na kundi lisilozidi watu wanane. Umeandikwa kwa vijana wanaoanza kazi hii na kwa walimu wanaoleta wanafunzi. Historia ndefu ya Amu, yaani Lamu, haimo humu. Kazi hapa ni kumfanya mgeni aelewe jinsi nyumba ya mawe ilivyojengwa na kwa nini bado imesimama. Mambo mengine ya mji atauliza mwenyewe akishaelewa hilo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka nyumbani

- Leseni na beji, ivaliwe kifuani.
- Tepu ya fundi ya mita 5.
- Tochi ndogo yenye mwanga mkali. Taa ya simu haitoshi, nayo inamaliza chaji unayohitaji kwa malipo.
- Kipande cha boriti cha urefu wa shibiri moja, kipande cha jiwe la matumbawe, na bonge dogo la chokaa. Omba kwa fundi anayekarabati nyumba, kwa sababu mabaki hayakosekani. Usivunje tumbawe baharini, wala usibandue kitu kwenye gofu.
- Leso mbili au tatu safi, kwa mgeni aliyekuja mabega wazi au na kaptura fupi.
- Maji, angalau nusu lita kwa kila mtu, na chupa moja ya akiba.
- Sanduku dogo la huduma ya kwanza: bandeji, dawa ya kusafishia kidonda, chumvi za kurudisha maji mwilini.
- Simu yenye chaji na salio. Viingilio vya Makumbusho ya Taifa hulipwa kwa eCitizen, na mtandao ukizubaa wakati watu wanane wamesimama mlangoni, utapoteza robo saa.
- Noti ndogondogo za chenji.
- Daftari na kalamu.

Kipaza sauti kiache nyumbani. Uchochoro wa Mkomani, mtaa wa nyumba za mawe, una kuta pande zote mbili, na sauti ya kawaida inatosha. Nyuma ya kila ukuta kuna mtoto amelala au mtu anasoma.

## Hatua ya 1: Weka karatasi zako sawa

Mwongoza watalii nchini Kenya anatakiwa awe na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Jisajili pia na chama cha waongoza watalii hapo mjini, kwa sababu ndicho kitakachokutetea ukizozana na mgeni au na mwenzako wa kazi.

Mwalimu anayeleta wanafunzi wake aandike barua kwa ofisi ya makumbusho mapema, ataje idadi, tarehe na saa. Ada ya wanafunzi si sawa na ya watalii, na barua ndiyo huepusha mabishano mlangoni.

*Umefaulu ikiwa* mtu akikusimamisha njiani na kukuuliza "Wewe ni nani?", unajibu kwa beji, bila maneno mengi.

## Hatua ya 2: Pima njia kwa miguu yako

Mji wa kale ulioandikishwa na UNESCO mwaka 2001 ni kama hekta 16 tu. Udogo huo ndio unaowaponza wengi. Mtu huona ramani ndogo akadhani ataumaliza wote kwa asubuhi moja.

Njia yetu inaanza kusini na kupanda kaskazini, bila kurudi nyuma:

1. Posta ya Wajerumani, Usita wa Mui (njia kuu ya mji)
2. Ngome, uwanja wa Mkunguni
3. Msikiti wa Pwani, kwa nje
4. Mlango mmoja wa nakshi, Usita wa Mui
5. Ukuta mmoja unaobomoka, Mkomani
6. Wikio moja (chumba kilichojengwa juu ya njia)
7. Nyumba ya makumbusho ya Kiswahili

Mwisho ni ufukoni, mbele ya Makumbusho ya Lamu.

Itembee peke yako kwanza, saa mkononi, kisha zidisha muda wa kutembea kwa mbili. Kundi halitembei kama mtu mmoja. Kuna anayefunga kamba ya kiatu, anayepiga picha ya paka, anayengoja punda apite. Njia ya dakika kumi na tano kwako ni ya nusu saa kwao.

Mara ya pili itembee na rafiki asiyejua lolote kuhusu nyumba za mawe. Akipiga miayo, andika ni kituo gani, halafu punguza maneno yako hapo.

Mara ya tatu itembee kwa saa ileile utakayowapeleka wageni. Utagundua ni mtaa gani hukusanya punda wa mchanga asubuhi, madrasa ipi hutoa watoto saa ngapi, na mlango uliouchagua kama hufunguliwa na duka likapanga ndoo mbele yake.

Mgao wa dakika unaofaa: posta 10, ngome 25, msikiti 5, mlango 15, ukuta 15, wikio 10, nyumba 30. Jumla ni 110. Dakika 40 zinazobaki ni za kutembea, kunywa maji na dharura. Usizijaze kwa kituo cha nane.

*Umefaulu ikiwa* unaweza kusema, bila kutazama daftari, utakuwa wapi dakika ya 60.

## Hatua ya 3: Zungumza na watu wa mtaa kabla ya siku yenyewe

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoharibu kazi.

Njia yako inapita mbele ya milango ya watu. Nenda siku mbili kabla, bila wageni. Toa sabalkheri, jitambulishe wewe ni mtoto wa nani au umetoka wapi, kisha sema jambo lako: "Ami, keshokutwa saa tatu hivi nitapita na wageni wanane. Nataka kuwaonyesha mlango wako kwa nje, robo saa. Una neno?" Mara nyingi hatakuwa na neno. Akiwa nalo, chagua mlango mwingine. Lamu haina uhaba wa milango.

Ukitaka kuingiza wageni kwenye nyumba inayokaliwa badala ya ile ya makumbusho, kubaliana na mwenye nyumba mambo matano waziwazi: saa, idadi ya watu, vyumba vinavyoruhusiwa, picha, na pesa. Pesa azipokee mwenyewe mkononi siku hiyohiyo, mbele yako. Ukimwahidi fungu la mwisho wa mwezi, mwezi wa pili utakuta mlango umefungwa.

Hata mkishakubaliana, siku yenyewe piga hodi na ungoje. Nyumba ina wanawake, na wanahitaji nafasi ya kuingia ndani au kujitanda. Ukiwa mwanamume, mtangulize mwanamke wa kundi lako au mtoto wa nyumba.

Daka si benchi la serikali. Viti vile vya mawe mlangoni ni sehemu ya nyumba, na mgeni hakai mpaka aambiwe karibu.

*Umefaulu ikiwa* wenye milango wanakusalimu kwa jina unapopita na kundi.

## Hatua ya 4: Chagua saa

Asubuhi anza saa mbili na nusu, umalize saa tano. Jua bado halijawa kali, nawe unamaliza kabla ya adhuhuri.

Jioni anza mara tu baada ya alasiri, lakini geuza njia: anza na nyumba ya Kiswahili na ngome kabla hazijafungwa, halafu ndipo utoke nje kwa mlango na ukuta. Anayefuata mpangilio wa asubuhi wakati wa jioni hufika kwenye kituo bora kuliko vyote akakuta kufuli.

Ijumaa usipange chochote kati ya saa sita na saa nane mchana. Ramadhani anza mapema, fupisha, na waambie wageni wanywe maji ndani ya ngome au ndani ya nyumba, si barabarani. Masika, kuanzia Aprili, beba mpango wa pili ulioelezwa mwishoni mwa mwongozo huu.

## Hatua ya 5: Dakika kumi za mwanzo

Wengi hukutana na wageni gatini. Wanaolala kijiji cha Shela huja kwa boti au hutembea pwani kwa karibu dakika arobaini na tano, kwa hiyo wape nafasi ya kupumua kabla ya kuanza.

Mambo ya kusema hapo, kwa ufupi:

Bei. Taja jumla, na useme ni nini kimo na nini hakimo: viingilio, shukrani ya mwenye nyumba, boti. Tatizo la pesa lisemwe mwanzoni, wakati kila mtu bado anacheka.

Picha. Majengo ruhusa. Watu, hasa wanawake na watoto, mpaka waulizwe. Asiyejibu amekataa.

Mavazi. Hapa ndipo leso zinatoka. Mpe mgeni bila kumhubiria.

Punda. Punda hupita kwanza. Ukisikia "Simila!" nyuma yako, simama ukutani, mkoba uje mbele ya tumbo.

Viatu na ngazi. Uliza nani ana shida ya goti. Ngazi za ngome na za nyumba za kale ni za mwinuko mkali na hazilingani kimo. Mwenye shida abaki chini na kazi ya kufanya, kwa mfano kuhesabu boriti za dari, asijione ameachwa.

Chagua mtu mmoja wa kufunga mkia. Kundi likizidi wanane, tafuta mwenzako mgawane. Usilinyooshe kundi moja la watu kumi na tano ndani ya uchochoro, kwa sababu wa mwisho hasikii kitu, na punda akija hapana pa kujibanza.

## Hatua ya 6: Vituo vyenyewe

### Kituo cha 1: Posta ya Wajerumani

Usikae sana. Wajerumani walifungua posta hapa mwaka 1888, wakati ndugu wawili wa Kijerumani, Clemens na Gustav Denhardt, walipokuwa na mambo yao Witu, upande wa bara, ikafungwa 1891 baada ya Ujerumani kuiachia Uingereza eneo hilo. Hilo linatosha.

Faida ya kituo hiki ni nyingine. Nyumba hii inamwonyesha mgeni kwamba jengo moja limekuwa makazi, likawa ofisi, likawa makumbusho, kuta zikiwa zilezile. Waambie waangalie jambo hilo njia nzima.

### Kituo cha 2: Ngome

Kosa la kila siku ni kusema ngome hii ni ya Wareno. Ngome ya Wareno ni Fort Jesus, Mombasa. Hii ya Lamu ilijengwa baada ya vita vya Shela, kwa msaada wa Seyyid Said wa Oman, ikakamilika 1821. Kuanzia 1910 hadi 1984 ilikuwa gereza, kisha ikaingia mikononi mwa Makumbusho ya Taifa.

Ingia, simama katikati ya ua, na uwape dakika mbili za kimya waangalie. Kisha uliza: "Bahari iko wapi?" Wengi watashangaa kuwa haionekani. Ngome ilipojengwa ilikuwa karibu na maji. Majengo ya mbele yalikuja baadaye, pwani ilipojazwa na mji ukasogea kuelekea baharini. Swali hilo moja linafanya kazi kuliko tarehe kumi.

Ukiruhusiwa kupanda juu, panda. Kutoka hapo onyesha sehemu mbili za mji: Mkomani upande wa kaskazini, nyumba za mawe zimebanana, Langoni upande wa kusini, maduka na nyumba nyepesi zaidi. Onyesha pia mapaa ya makuti juu ya nyumba za mawe. Paa la asili lilikuwa bapa, na makuti hukinga mvua na jua.

*Onyo:* Usimruhusu mgeni akae ukingoni mwa ukuta kwa ajili ya picha.

### Kituo cha 3: Msikiti wa Pwani

Ni hatua chache kutoka ngomeni, na tarehe inayohusishwa nao ni 1370, ambayo huufanya uhesabiwe mkongwe kuliko misikiti yote ya Lamu. Simama kando, si mlangoni. Usiingize mtu bila idhini ya wenyewe.

Fundisha kitu kimoja tu: kibla. Kutoka Lamu, Makka iko karibu kaskazini kabisa. Mgeni akijua hilo, kila mihrabu atakayoiona ikitokeza nyuma ya msikiti inakuwa dira yake. Mji una misikiti zaidi ya ishirini, kwa hiyo hawezi kupotea tena. Wageni hupenda jambo hili kupita kiasi, na kwako halikugharimu dakika tano.

### Kituo cha 4: Mlango mmoja

Mmoja. Ukionyesha saba, watapiga picha saba na hawatauona hata mmoja.

Chagua mlango wenye mbao mbili, mfaa uliochongwa, yaani mti wa katikati zinapokutana mbao hizo, na bao la juu lenye nakshi ambazo hazijazibwa na rangi. Uchochoro hauna jua la kutosha, na mwanga wa mbele hulaza michoro yote ikaonekana kama ubao mtupu. Washa tochi, iweke ubavuni mwa mfaa, karibu kugusa mbao, mwanga upite sambamba na uso wa mlango. Kila mchoro utatupa kivuli chake, na kina cha patasi kitaonekana. Watu hunyamaza hapo.

Sasa waombe watafute tofauti kati ya mfaa na bao la juu: wapi patasi imepita kwa kina, wapi kijuujuu, wapi maji yamelainisha ncha. Sehemu ya chini ya mfaa huliwa kwanza, kwa sababu maji ya mvua hurukia hapo na mchwa huanzia hapo. Ukiona kipande cha mbao mpya chini, huo ni ukarabati. Sema hivyo bila haya.

Kuhusu maana za nakshi, kuwa mwangalifu. Ile orodha inayouzwa kila mahali, kwamba mnyororo ni utumwa, samaki ni uzazi na ua fulani ni kitu fulani, haina ushahidi wa kutosha kwa kila mlango. Kama fundi au mwenye mlango amekueleza maana, sema "mwenye mlango anasema hivi." Kama hakuna aliyekueleza, zungumzia kazi ya mkono. Mgeni mmoja katika kila kundi amesoma kabla ya kuja, na akikukamata kwenye hadithi ya kubuni, hata ukweli wako hatauamini tena.

### Kituo cha 5: Ukuta unaobomoka

Hiki ndicho kituo kinachotofautisha mtembezaji na mpiga domo, na wengi hukipita kwa sababu ukuta uliobanduka unaonekana ni aibu ya mji. Tafuta ukuta wa njiani ambao lipu imeanguka na mawe yanaonekana, na kando yake pawe na sehemu iliyopigwa saruji. Mkomani hutatembea mbali kabla ya kuupata.

Toa vipande vyako mkobani. Mpe mmoja jiwe la matumbawe, mwingine chokaa, mwingine boriti. Wapokezane. Jiwe ni jepesi kuliko wanavyodhani, na lina matundu.

Kisha eleza kwa mpangilio huu:

Ukuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na mchanga, unene wake unakaribia nusu mita. Chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa tanurini, kwa hiyo jiwe na kinachoshika jiwe ni ndugu. Ukuta wa namna hii hunyonya unyevu kutoka ardhini na hewani, kisha huutoa taratibu kupitia lipu ya chokaa.

Saruji huziba. Unyevu ukikosa pa kutokea hubaki nyuma ya lipu na kupanda juu zaidi ukutani. Chumvi iliyomo huganda, ikavimba, ikaisukuma saruji mpaka ibanduke, na ikibanduka haitoki peke yake: inaondoka na uso wa jiwe. Onyesha kwa kidole ule mstari mweupe wa chumvi juu ya saruji. Waache waguse unga wake ukutani, bila kukwangua.

Mwenye nyumba aliyetumia saruji si mjinga, na usimseme hivyo mbele ya mlango wake. Chokaa nzuri inataka muda mrefu wa kuloweshwa na fundi anayeijua, na vyote viwili ni ghali. Saruji iko dukani leo.

*Onyo:* Mgeni asichukue kipande cha lipu wala kigae kama ukumbusho. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya 2006 inalinda vitu hivyo, na wewe ndiye utakayeulizwa.

*Umefaulu ikiwa*, mkishatoka hapo, mgeni anaanza kukuonyesha kuta mwenyewe: "Hii ni saruji, sivyo?" Ukisikia hivyo mara mbili, kazi yako kubwa imekwisha.

### Kituo cha 6: Wikio

Wikio ni chumba kilichopita juu ya njia kuunganisha nyumba mbili. Simama chini yake, penye kivuli. Waulize kwa nini mtu ajenge juu ya barabara. Majibu mawili yote ni sahihi: familia ilipata chumba cha ziada mahali ambapo ardhi imekwisha, na watu wa nyumba, hasa wanawake, walivuka kwa jamaa zao bila kushuka njiani.

Inua tochi uonyeshe boriti kwa chini. Tafuta mahali boriti inapoingia ukutani. Hapo ndipo huanza kuoza, kwa sababu maji ya paa hushukia ndani ya ukuta na ncha iliyofichika haikauki. Boriti inaweza kuonekana nzima katikati na huku ncha zake zimekuwa unga. Kama dari imebonyea, usisimamishe kundi chini yake, songa mbele.

### Kituo cha 7: Nyumba ya Kiswahili

Nyumba hii ya karne ya 18 imetengenezwa na makumbusho ili ionekane kama ilivyokaliwa. Ni ndogo. Waingize wanne wanne kama mko wanane, wengine wangoje na yule wa mkia.

Waongoze kama mgeni wa zamani alivyoongozwa. Anza dakani, mahali ambapo mazungumzo mengi yaliishia. Ingia tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, na uonyeshe kwamba njia imepinda: anayesimama mlangoni haoni ndani. Fika kiwandani, ua ulio wazi juu, panapotoka mwanga wote wa nyumba.

Kutoka hapo geuka uangalie vyumba vilivyopangana, msana wa tini (wa chini), msana wa yuu (wa juu), kisha chumba kiitwacho ndani. Waambie watazame miguu yao. Sakafu hupanda kidogo kila unapoingia, na mwanga hupungua. Huhitaji kueleza faragha kwa maneno mengi, mwili wa mgeni umeshaelewa.

Sasa tepu. Mpe mgeni mmoja apime upana wa chumba na mwingine urefu. Upana utakuja kati ya mita mbili na nusu na tatu hivi, urefu ni mara kadhaa ya huo. Uliza kwa nini chumba ni kirefu na chembamba namna hii. Ngoja jibu. Akishindwa, toa kile kipande cha boriti: upana wa chumba hauwezi kuzidi mti wa mkoko unavyoweza kubeba dari ya mawe na chokaa bila kubonyea. Msitu wa mikoko ndio uliopima vyumba vya Lamu. Ndiyo maana wengi wa wageni hukumbuka tepu kuliko siwa, zile baragumu za kale za sherehe zilizomo makumbusho.

Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ziache mwisho. Rudia tochi ya ubavuni. Eleza kwamba vilikaa humo vyombo vya kaure, vitabu na vitu vya thamani, na onyesha jinsi lipu ilivyokatwa wakati ingali laini. Kama kuna birika la maji, waambie kuhusu samaki wadogo waliowekwa ndani ili wale viluwiluwi vya mbu. Watoto wa shule hawatasahau hilo.

Nyuma kabisa ni nyumba kati, chumba cha mambo mazito: humo wanawake walijifungua na maiti walioshwa. Punguza sauti, sema mara moja, toka.

## Hatua ya 7: Kumaliza

Shuka nao ufukoni mpaka Makumbusho ya Lamu. Usiingie nao. Baada ya dakika 150 vichwa vimejaa, na vitu vya humo vinataka macho mapya. Waambie wakirudi wenyewe kesho watazame siwa mbili, ya Pate ya pembe ya ndovu na ya Lamu ya shaba, na kwamba sasa wanaweza kulisoma jengo lenyewe: barazani kwake kunatazama bahari, tofauti na nyumba waliyotoka inayotazama ndani.

Usimalizie dukani kwa rafiki yako. Mgeni anaijua kamisheni hata usipoitaja, na kila ulichosema kuhusu mlango na ukuta anaanza kukipima upya. Akiuliza pa kununua, mtajie mahali patatu aende mwenyewe.

Jioni hiyo andika kwenye daftari mambo matatu: kituo kilichozidi muda, swali uliloshindwa kulijibu, na mtu wa mtaa aliyenuna. La tatu lishughulikie kesho asubuhi kabla ya kundi jingine.

## Mambo yakiharibika

Mvua ikianza. Mifereji ya vichochoro hufurika haraka, na sakafu ya chokaa iliyolowa huteleza vibaya. Kata kituo cha 5 na cha 6, nenda moja kwa moja kwenye nyumba, ufundishe ukuta kutokea kiwandani.

Mgeni akizidiwa na jua. Msogeze chini ya wikio au ndani ya ngome, kivuli na maji yenye chumvi za kurudisha maji mwilini. Akichanganyikiwa maneno au akaacha kutoka jasho, usingoje. Piga simu mpelekwe hospitali, na kundi libaki na wa mkia.

Nyumba ikiwa imefungwa. Ndiyo sababu ya kuzungumza na mwenye nyumba mwingine mapema. Kama hukufanya hivyo, sema ukweli na urudishe fedha ya kiingilio hapohapo.

Msimu wa Maulidi. Mji hujaa, na njia ya dakika thelathini inakuwa ya saa nzima. Punguza vituo viwe vinne. Wageni watakaoomba kuona Msikiti wa Riyadha, ulioanzishwa na Habib Swaleh aliyetoka Ngazija, wapangie siku nyingine na njia yake ya Langoni. Ukiubandika mwishoni mwa njia hii watafika wamechoka, na pale si mahali pa kufika umechoka.